Mwongozo kamili wa sindano ya simenti kwa pingili ya mgongo iliyobonyea

Mara nyingi inaanza hivi: bibi kainama kunyanyua ndoo, au daladala imepita kwenye tuta kwa spidi akarushwa kidogo tu kwenye siti, au kapiga chafya, mgongo ukamshika hapohapo na tangu siku hiyo hageuki kitandani bila kulia. Nyumbani wanasema ni mgongo wa uzee, anachuliwa na dawa ya misuli, anapewa diklo, wiki zinakatika, baadaye ndo inapigwa eksirei na kuonekana pingili moja imebonyea kwa mbele. Hapo sasa anatokea mtu anasema kuna sindano ya simenti, unachomwa leo kesho unatembea.

Ipo kweli, na kwa mgonjwa anayestahili inasaidia. Ila niseme wazi mapema: kuchoma simenti sio sehemu ngumu, ngumu ni kujua nani achomwe na lini, na familia nyingi zinapotea hapo kwa sababu zinauliza bei kabla hazijauliza mfupa umevunjika kwa nini. Kwahiyo nitakaa sana kwenye mambo ya kabla ya sindano, ya chumba cha upasuaji nitapita nayo haraka zaidi.

Kwanza ujue ni kitu gani

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni vertebroplasti: sindano nene inapitishwa kwenye ngozi mpaka ndani ya pingili iliyovunjika, simenti inasukumwa, inaganda, basi. Ilifanyika mara ya kwanza 1984 mjini Amiens, Ufaransa, na madaktari Galibert na Deramond, na mgonjwa wao wala hakuwa na mifupa ya uzee, alikuwa na uvimbe wa mishipa ya damu uliokuwa unakula pingili ya pili ya shingo. Ya pili ni kaifoplasti, iliyoingia Marekani mwaka 1998: kabla ya simenti wanaingiza kibaluni kidogo, wanakijaza kiinue mfupa uliobonyea na kutengeneza shimo, wanakitoa, alafu simenti inajaa kwenye lile shimo. Baluni inaongeza bei sana. Kwenye kupunguza maumivu tofauti ya hizo mbili ni ndogo kuliko matangazo yanavyosema, ila kaifoplasti inaweza kurudisha kidogo urefu wa pingili na simenti inavuja mara chache zaidi.

Simenti yenyewe ni plastiki ngumu inayoitwa PMMA, ileile ambayo madaktari wa mifupa wamekuwa wakiitumia kushikiza nyonga za bandia tangu miaka ya 1960. Sio dawa, haioti kuwa mfupa, inabaki humo maisha yote ikiwa imeshikanisha vipande visicheze, na kule kutocheza ndo kunakopunguza maumivu.

Hatua ya kwanza: angalia kama ni dharura

Kabla ya kuongelea simenti, muulize na umwangalie mgonjwa vitu vichache. Miguu ina ganzi au imelegea? Mkojo umeziba, au mkojo na choo vinatoka bila kujijua? Sehemu za siri na makalio hazisikii ukigusa? Kama jibu ni ndio hata kwa moja, hiyo ni ya leo leo, mpeleke kwenye hospitali yenye wapasuaji wa mgongo, usisubiri klinik ya Jumatatu. Inamaanisha uti (ile kamba ya neva inayopita ndani ya mgongo) au mishipa ya fahamu imebanwa, na simenti haibanduwi kitu kilichobana.

Na kijana aliyeanguka na bodaboda au kutoka juu ya mnazi hii sio njia yake ya kawaida. Mfupa wenye afya uliopasuliwa kwa nguvu kubwa unahitaji siti skani, na mara nyingine vyuma na skrubu. Mbebe akiwa amelazwa kwenye ubao au kitu kigumu, asikunjwe kwenye siti ya nyuma ya gari.

Jambo lingine dogo ila linaumiza watu: usiruhusu mtu akandwe wala watoto wamkanyage mgongo. Najua ni dawa ya kila nyumba, lakini kwenye pingili iliyovunjika unasagia mfupa ndani.

Hatua ya pili: kwa nini umevunjika?

Mfupa wenye afya hauvunjiki kwa chafya. Ukivunjika hivyo kuna sababu, na ya kwanza kabisa ni osteoporosisi, yaani mifupa imepungua ujazo, hasa mama aliyekoma hedhi na wazee wote kwa ujumla. Dalili zinakuwepo siku nyingi hatuzisomi: urefu umepungua sentimita 3 au 4 kuliko alivyokuwa, gauni linaburuza chini wakati zamani lilimkaa, kibiongo kinaanza. Pingili nyingi zinabonyea bila mtu kujua kabisa, karibu theluthi moja tu ndo hugunduliwa hospitali.

Waambie daktari dawa zote anazotumia. Prednisoloni ya miezi mingi, ya pumu au baridi yabisi, inakula mfupa vibaya. Wanaotumia ARV zenye tenofovir nao wiani wa mfupa unaweza kushuka, hapo usiache dawa hata siku moja, mwambie tu daktari wako aangalie kama inabadilishwa.

Alafu kuna mbili ambazo kwa kwetu huku lazima ziondolewe kwanza, na hapa ndo ningemkazia macho daktari yeyote anayekimbilia sindano. Moja ni TB ya uti wa mgongo. Eksirei yake inaweza kuonyesha pingili imebonyea hivyohivyo, mgonjwa anaumwa mgongo hivyohivyo, tofauti ni kwamba inakuja taratibu, kuna homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na kwenye MRI (picha ya mashine ya sumaku) diski, ule mto laini katikati ya pingili mbili, inakuwa imeliwa au kuna mfuko wa usaha pembeni. Ukimwaga simenti kwenye mfupa wenye maambukizi umeweka jiwe katikati ya usaha, na kulitoa ni upasuaji mkubwa. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi wafikiriwe bruselosi pia, maambukizi yanayotoka kwa mifugo. Nyingine ni saratani, iwe imetoka titi, tezi dume au mapafu, au ile ya uboho inayoitwa maieloma. Hii haizuii simenti, wakati mwingine ndo hapo simenti inasaidia zaidi, kuna utafiti wa 2011 wa wagonjwa 134 wa saratani ambapo waliofanyiwa kaifoplasti baada ya mwezi walikuwa na nafuu kuliko waliotibiwa bila upasuaji. Lakini mpango wa matibabu unabadilika wote, na wakati wa kuchoma daktari achukue kipande cha mfupa kupitia sindano hiyohiyo kipelekwe maabara. Uliza hilo.

Vipimo vya damu vya kuanzia sio vya ajabu: picha kamili ya damu, ESR au CRP (vinaonyesha kama kuna maambukizi au uvimbe mwilini), figo, kalsiamu, vitamini D ikipatikana, na kipimo cha maieloma kama kuna anemia au figo zimechoka bila sababu.

Hatua ya tatu: MRI, tena yenye STIR

Eksirei inakwambia pingili imebonyea, haikwambii imebonyea lini. Na hii ndo pesa nyingi inapopotea, maana mtu ana pingili tatu zilizobonyea miaka iliyopita zikapona zenyewe, na moja tu mpya ndo inauma. MRI ikipigwa kwa ile aina ya picha inayoitwa STIR, mfupa uliovunjika karibuni unang'aa kwa sababu una maji ndani, ule wa zamani uliopona haung'ai. Asiyeweza kuingia MRI, mfano mwenye betri ya moyo ya zamani, anapigwa siti skani pamoja na skani ya mifupa ya nyuklia.

Picha peke yake haitoshi. Daktari apite na ngumi yake akigonga taratibu mfupa kwa mfupa kutoka juu kushuka, na pale panapouma pawe ni palepale picha inapoonyesha. Mara nyingi ni pingili ya mwisho ya kifua au ya kwanza ya kiuno, pale mgongo unapokunjika. Kama picha inang'aa juu na mgonjwa anaruka ukigusa chini kabisa karibu na makalio, basi mnatafuta kitu kingine. Ukiona umepangiwa sindano na hakuna mtu aliyemvua nguo mgonjwa akamgusa mgongo, omba maoni ya daktari wa pili.

Hatua ya nne: jaribu bila sindano kwanza, ila kwa kipimo

Pingili nyingi za osteoporosisi zinapona ndani ya wiki 6 mpaka 12. Kwahiyo kinachofanyika kwanza ni kumtuliza maumivu na kumsimamisha. Paracetamol kwa saa zake, sio akiumwa tu. Diklofenaki na ndugu zake kwa mzee ni hatari kwenye figo, tumbo na presha, zisiwe za mwezi mzima. Tramadoli inasaidia lakini inaleta kizunguzungu na kufunga choo, na mtu mwenye pingili mbovu akisukuma choo kigumu anaumia upya, kwahiyo ipewe na dawa ya kulainisha choo. Mkanda wa mgongo ni wa wiki chache, usiwe nguo ya maisha, misuli inalala.

Kitanda siku mbili tatu basi. Mzee anayelala mwezi anapoteza misuli, anapata vidonda, nimonia, damu inaganda miguuni. Kwahiyo swali la kujiuliza kila baada ya siku chache ni moja: anaweza kukaa, kusimama na kwenda chooni kwa dawa anazopewa? Kama kila wiki ni afadhali, mwacheni apone. Kama yuko wiki ya pili, ya tatu, maumivu ni 7 au 8 kwa 10, dawa zinamlewesha bila kumsaidia, na MRI inang'aa palepale panapouma, sasa mnaongea simenti.

Ubishi wa madaktari, uujue kabla hujalipa

Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili kwa pamoja, moja Australia, nyingine ikiongozwa kutoka Mayo Clinic Marekani. Wagonjwa wote waliingizwa chumba cha upasuaji, wote walipigwa ganzi mgongoni, nusu wakachomwa simenti na nusu hawakuchomwa, ila chupa ya simenti ilifunguliwa chumbani ili ile harufu yake kali isikike na mtu asijue yuko kundi gani. Matokeo yalikuwa yaleyale kwa makundi yote mawili, wote walipata nafuu karibu sawa. Ilizua kelele. Waliopinga walisema mlichukua watu wenye mvunjiko wa mpaka mwaka mzima, hao walishapona. Mwaka 2016 Sydney wakafanya kwa watu 120 wenye mvunjiko chini ya wiki 6 na maumivu makali, na baada ya siku 14 asilimia 44 ya waliochomwa maumivu yalishuka chini ya 4, upande wa waliofanyiwa maigizo asilimia 21. Alafu 2018 Uholanzi wakafanya tena na maigizo, kwa mvunjiko wa mpaka wiki 9, wakakuta hakuna tofauti ya maana.

Uingereza tangu 2013 mwongozo wao wa taifa unakubali njia zote mbili, lakini kwa mtu mwenye maumivu makali yanayoendelea, mvunjiko wa karibuni ambao haujapona, dawa zimeshindwa, na picha na mkono wa daktari vimekubaliana. Mimi naona huo ndo msimamo wenye akili. Mvunjiko mpya, maumivu makali, mzee amekwama kitandani: ina maana. Mvunjiko wa mwaka jana, au pingili zimeonekana kwa bahati kwenye eksirei na haziumi: hapana, hata kama bima inalipa.

Wasiochomwa kabisa ni mwenye maambukizi popote mwilini ambayo hayajatibiwa, mwenye damu isiyoganda vizuri mpaka irekebishwe, mwenye mzio wa simenti hiyo, na ambaye kipande cha mfupa kimerudi nyuma kikabana uti.

Hatua ya tano: hospitali, hela na maswali

Tanzania rufaa za mgongo kwa kawaida zinaelekea MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kanda ya kaskazini hospitali ya KCMC Moshi, kanda ya ziwa Bugando Mwanza. Kenya watu wanaenda Kenyatta au hospitali binafsi kubwa za Nairobi. Piga simu uulize moja kwa moja kama wanafanya vertebroplasti au kaifoplasti na kama vifaa vipo, maana daktari anaweza kuwepo na seti ya sindano na simenti ikawa ya kuagiza. Kwa wanaofikiria India, ukimtumia daktari wa kule CD ya MRI nzima na sio ripoti tu, anaweza kukwambia kabla ya tiketi kama mgonjwa anafaa.

Maswali ya kuuliza: pingili ngapi na ni zipi kwa jina? Umefanya ngapi? Ikitokea simenti imevuja ikabana uti, kuna mpasuaji hapahapa wa kumfungua usiku huohuo? Bei inajumuisha simenti, baluni, daktari wa usingizi na kitanda? Kama ni NHIF ya Tanzania, SHA ya Kenya au bima binafsi, omba kibali kwa maandishi kabla ya tarehe. Na ukiambiwa tuchome pingili tano kwa mpigo ili kukinga zisivunjike, kataa kwanza.

Hatua ya sita: maandalizi

Dawa za kuyeyusha damu kama warfarini na klopidogreli daktari ndo anapanga ziachwe lini, usiache mwenyewe maana ziliwekwa kwa sababu ya moyo au kiharusi. Sukari na presha viwe vimetulia. Chakula kinakatwa masaa 6 kabla ya sindano, maji meupe masaa 2 kabla. Mwambie daktari kama mgonjwa ana kikohozi au mkojo unachoma, kimaambukizi kidogo kinatosha kuahirisha. Na mjaribishe kulala kifudifudi, kwa sababu ndivyo atakavyolazwa. Asiyeweza kutokana na pumzi au kibiongo, daktari wa usingizi ajue mapema, labda itabidi nusu kaputi badala ya ganzi na dawa ya kusinzia.

Hatua ya saba: ndani ya chumba

Analazwa kifudifudi kwenye mito, anapewa antibayotiki kwenye mshipa, mgongo unasafishwa na kufunikwa. Mashine ya eksirei yenye mkono wa C inazungushwa mpaka pingili ionekane mbele na ubavuni. Ganzi inapigwa mpaka kwenye utando wa mfupa, ngozi inachanwa milimita chache tu. Sindano inapita kwenye kishikio cha mfupa kinachounganisha nyuma ya pingili na mwili wake, kila upande kipo kimoja, na daktari anaigonga na kanyundo kadogo huku anaangalia skrini kila hatua, kwa sababu akitoka nje ya kile kishikio kwa upande wa ndani anakutana na uti.

Kama ni kaifoplasti baluni linaingia hapo. Alafu nesi anachanganya unga na kimiminika, na simenti haichomwi ikiwa majimaji, inasubiriwa mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Kusubiri huku ndo usalama wenyewe, simenti nyepesi inakimbilia kwenye mishipa ya damu. Ina bariamu ndani ili ionekane kwenye skrini, inasukumwa kidogo kidogo, mililita 2 mpaka 6 hivi kwa pingili, na ikionekana inasogea nyuma kuelekea kwenye uti daktari anasimama palepale hata kama mfupa haujajaa. Daktari anabaki na katonge ka simenti ileile anakaminya kwa vidole ajue ya ndani imefikia wapi kuganda. Sindano zinatolewa, plasta, hakuna hata nyuzi au ni moja tu. Pingili moja inachukua kama saa nzima au pungufu.

Hatari zake: kuvuja kidogo kwa simenti ni kawaida na wengi hawahisi kitu, lakini ikienda kwenye neva inaleta maumivu ya mguu au kupooza, ikienda mapafuni inaleta shida ya kupumua. Pia maambukizi, mbavu kuvunjika kwa mwenye mifupa laini sana, presha kushuka wakati wa kuchoma. Mabaya kabisa ni machache, ila yapo, na fomu ya ridhaa isomwe sio kusainiwa tu.

Hatua ya nane: baada ya sindano

Analala chali saa moja au mbili, wauguzi wanaangalia presha, pumzi na kama anachezesha vidole vya miguu yote. Jioni au kesho yake anaondoka. Wengine maumivu yanakatika siku hiyohiyo, wengine siku mbili tatu, na kidonda cha sindano kinauma kivyake. Plasta ikae kavu siku mbili. Atembee, hilo ni agizo. Asibebe mtoto, ndoo wala gunia kwa wiki 6 hivi, akiokota kitu akunje magoti sio mgongo, na fiziotherapia ianze ya kunyoosha misuli ya mgongo. Homa, usaha, kifua kubana, miguu kulegea au mkojo kuziba: hospitali usiku huohuo.

Hatua ya tisa: mfupa uliobaki

Hii ndo inayoachwa na karibu kila familia, kwa sababu maumivu yameisha. Simenti imeshika pingili moja, mgonjwa ana nyingine zaidi ya ishirini zenye ugonjwa uleule, na bila dawa inayofuata ipo njiani. Kipimo cha DEXA, cha kupima ujazo wa mfupa, kikipatikana apigwe, lakini kama ameshavunjika pingili kwa kitu kidogo na sababu nyingine zimeondolewa, dawa haisubiri DEXA.

Alendronati miligramu 70 ni mara moja kwa wiki. Chagua siku, mfano Jumapili, akiamka tumbo tupu anameza na glasi nzima ya maji meupe, sio chai sio uji sio maziwa, alafu anakaa wima au anatembea nusu saa bila kula na bila kulala, maana kidonge kikirudi kooni kinachoma. Asiyeweza kukaa wima nusu saa asipewe hii kabisa, kuna dripu ya asidi ya zoledroniki miligramu 5 mara moja kwa mwaka, kama figo zinaruhusu. Kuna denosumabu pia, sindano ya chini ya ngozi kila miezi 6, nzuri, ila ukiianza usiiruke: ikiachwa bila dawa nyingine kuchukua nafasi mifupa inaporomoka haraka na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Kwa mtu ambaye huna uhakika wa kuipata au kuilipia miezi 6 ijayo, afadhali dripu ya mwaka. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza dawa hizi. Kalsiamu itoke kwenye maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, vidonge vijazie pengo, na vitamini D.

Na nyumbani toa zulia linaloteleza, weka taa ya kwenda chooni usiku, funga bomba la kushikia kwenye choo cha kuchuchumaa au nunua kiti cha choo, kandambili zilizolika zitupwe.

Akipata maumivu mapya ya mgongo wiki au miezi baadaye, hata kama yako karibu na pale palipochomwa, usidhani simenti imeharibika wala usirudie dawa za mwanzo: apigwe picha upya, mara nyingi ni pingili jirani, na mnaanza tena hatua ya kwanza.